Sauti moja, masikio mawili: namna agizo la biashara linapotea kati ya Minova na Goma

Mama yangu mdogo anauza maharagi mjini Goma. Mwaka 2024, wakati vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake kuelekea Minova na mizigo mingi ya upande ule ikapita ziwani, alituma ujumbe wa sauti kwa mtu anayemletea mzigo kutoka Minova. Alihitaji magunia sita ya maharagi mekundu. Mwishoni akaongeza maneno machache: kama mekundu hayako, usitume mengine. Kesho yake asubuhi boti ilifika bandari ya Kituku na magunia sita ya maharagi ya mchanganyiko.

Ugomvi ulianza pale pale kwa simu. Yeye anasema alikataza. Yule wa Minova anaapa kwamba aliambiwa atume. Kila mmoja alikuwa na sauti ile ile ndani ya simu yake, na kila mmoja alimwambia mwenzake asikilize tena. Mimi niliisikiliza usiku, nyumbani, watoto wamelala: "usitume", wazi kabisa. Siku iliyofuata nikaisikiliza kando ya bandari, injini za boti zikinguruma na wabeba mizigo wakiitana: "utume". Silabi moja, ile "si" ya kukataza, ilikuwa imemezwa na kelele. Hakuna aliyesema uongo kati yao.

Hasara lakini ilikuwako, na ilitaka mtu wa kuibeba. Nauli ya boti ilikuwa imelipwa. Wabeba mizigo walikuwa wanangoja chao. Wateja wa mama mdogo, wenye vikahawa vidogo na wanawake wanaopika kwa kuuza, wanataka mekundu na si kitu kingine. Maharagi ya mchanganyiko yaliuzwa polepole, murongo kwa murongo, kwa bei iliyo chini ya ile aliyokuwa ameipigia hesabu. Mwezi ule mtaji ulipungua, na ada ya shule ya mtoto mmoja ikachelewa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ni cha kawaida mno. Biashara ya Kivu ya leo, kuanzia sambaza za ziwani mpaka kontena za vitenge, inasimama juu ya ujumbe wa simu. Tunapenda kuhesabu hasara za vita, kodi na barabara mbovu, na ni haki yetu. Hasara inayotoka katika maneno yenyewe, agizo lililosikiwa vibaya, bei iliyoeleweka nusu, risiti ya uongo, haihesabiwi na mtu. Inabaki ndani ya daftari la muuzaji, kama analo.

Mchoro wa darasani

Mwaka wa kwanza wa masomo ya uandishi wa habari tulichorewa ubaoni mchoro ambao kila mwanafunzi wa mawasiliano anaujua. Kuna anayetuma, kuna ujumbe, kuna njia, kuna anayepokea. Mchoro huo unatokana na kazi ya Claude Shannon, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, na ambaye aliitoa mwaka 1948. Shida yake haikuwa falsafa. Alitaka kujua namna ya kupitisha ujumbe kwenye waya wenye kelele bila ujumbe kuharibika. Ndiyo maana katikati ya mchoro wake aliweka kitu ambacho sisi wanafunzi tulikidharau: kelele.

Waliokuja baada yake waliongeza kitu kingine, jibu. Ujumbe haujamaliza safari yake unapofika sikioni. Unamaliza pale aliyepokea anaporudisha kile alichokielewa, na aliyetuma anakubali kwamba ndicho alichosema. Wakati ule niliona ni maneno ya mtihani. Nilipokuwa nasikiliza "usitume" na "utume" pale Kituku, niliona kwamba tatizo lote la mama mdogo lilikuwa ndani ya mchoro ule: sauti ilipita katika kelele, na jibu halikurudi. Yule wa Minova alijibu kwa alama ya kidole gumba. Kidole gumba hakisemi ni nini kilichosikiwa.

Kuna jambo hapa linalohusu lugha yetu. Kiswahili kinaficha katazo ndani ya silabi ndogo. Mfaransa anaposema usifanye, anaweka maneno mawili, moja mbele na moja nyuma ya kitendo. Moja likipotea, la pili linabaki. Sisi tukipoteza "si", amri inageuka kinyume chake. Hesabu nazo zina hatari yao. Sokoni kwetu mtu anasema "kumi" na kila mmoja anajaza mwenyewe: dola kumi ao elfu kumi ya franga. Uso kwa uso hakuna shida, kwa sababu mzigo uko mbele yenu na noti iko mkononi. Ndani ya simu, kati ya watu wasioonana, "kumi" ni mtego. Gunia pia: la huku linajazwa mpaka kwenye mdomo, la kule linaongezewa juu na kushonwa kwa kamba. Bukavu wanapima kwa kopo la Guigoz, wengine wanapima kwa murongo. Ukiagiza kwa simu, unaagiza kipimo cha nani?

Toka fonie mpaka WhatsApp

Walio na miaka hamsini na zaidi wanakumbuka fonie. Katika miaka ya 1990, simu za waya zikiwa zimekufa na posta pia, mfanya biashara aliyetaka kujua bei ya ndani alikwenda kwenye nyumba yenye redio ya mawasiliano, akalipa, akangoja zamu yake. Simu ya mkononi ilikuwako nchini tangu Telecel ilipoanza Kinshasa mwaka 1986, lakini ilikuwa chombo cha wakubwa na matajiri. Raia wa kawaida aliipata baada ya mwaka 2000, Celtel na Vodacom zilipoingia.

Fonie ilikuwa na aibu zake. Kila aliye kwenye masafa yale alisikia bei yako, na siri ya biashara haikuwako. Ilikuwa lakini na nidhamu ambayo tumeipoteza. Watu wawili hawawezi kusema pamoja. Mmoja anamaliza, anatamka kwamba amemaliza, mwenzake anarudia alichopokea: magunia sita, mekundu, boti ya alhamisi. Asiporudia, mwenye mashine anamlazimisha, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na kelele na kila mtu alijua hivyo. Rubani wa ndege mpaka leo anafanya vile vile: anarudia maagizo ya mnara wa uwanja kabla ya kuyafuata. Chombo kibaya kiliwafundisha watu kuhakikisha. Chombo kizuri kimewafanya waamini kwamba kimehakikisha kwa niaba yao.

WhatsApp iliweka ujumbe wa sauti mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikaweka alama mbili za bluu. Kwa mama zetu wa soko, sauti ilikuwa mlango mkubwa. Asiyejua kuandika, ao anayeandika kwa shida, aliingia katika biashara ya mbali bila kumwomba mtoto wa shule. Anasema kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Mashi, kwa lugha inayomfaa. Ni faida kubwa, na mtu asije akaniambia kwamba warudi kwenye karatasi. Lakini alama ya bluu inasema tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Haisemi kwamba mtu alikuwa kimya, kwamba alisikiliza mpaka mwisho, ao kwamba alielewa. Na wengi wetu tunaweka sharti muhimu mwishoni mwa ujumbe wa dakika mbili, baada ya salamu za nyumba yote.

Wafanya biashara wakubwa wa Butembo wamepita shule hiyo hiyo kwa bei kubwa zaidi. Kwa miaka mingi walisafiri wenyewe mpaka Dubai na Guangzhou, wakagusa kitambaa kwa mkono, wakafunga kontena, wakangoja mzigo upite Mombasa, uvuke Uganda, uingie kwa Kasindi. Machi 2020 China ilifungia wageni mlango kwa sababu ya Covid-19 na ikaufungua Januari 2023. Karibu miaka mitatu. Katika muda huo biashara ilibaki ndani ya simu: picha za bidhaa, sauti, mkalimani upande wa pili, pesa mbele. Picha ya kitambaa haionyeshi uzito wake. Aliyeagiza bila sampuli alijua ubora siku kontena ilipofunguliwa, na siku hiyo aliyetuma yuko upande wa pili wa dunia.

Mtandao unapokatika

Mpaka hapa nimesema juu ya kelele ndogo. Kuna kelele nyingine ambayo haitoki bandarini.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serkali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Mwaka 2020 ikaja kodi ya RAM, iliyokatwa ndani ya yuniti za raia: mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G. Raia walilalamika, wabunge wakalalamika, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Mjadala wa RAM uliongelewa kama jambo la haki ya raia, na ilikuwa kweli. Kwa muuzaji wa maharagi ilikuwa pia kodi juu ya chombo cha kazi, kama vile mtu angemkata fundi wa mbao pesa kila anapoinua msumeno.

Kisha Januari 2025. Waasi wa M23 walipoingia Goma, mji ulibaki siku kadhaa bila umeme wala maji, na intaneti ikatoweka. Katikati ya mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifunga milango, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa. Kwa mfanya biashara, mawasiliano na malipo ni kitu kimoja: agizo linatoka kwa simu, pesa inatoka kwa simu, risiti inafika kwa simu. Vyote vitatu vilikatika pamoja. Wenye kadi ya simu ya Rwanda waliokaa karibu na mpaka, upande wa Birere, wakawa posta ya mtaa. Mtu alipita kwao kuuliza kama boti imetoka, kama bei ya unga imepanda, kama ndugu wa Bukavu wako hai.

Mtandao uliporudi, noti hazikurudi. Benki zikiwa zimefungwa, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zikabeba uzito ambao hazikutengenezewa. Mtu ana pesa ndani ya simu, lakini kuitoa mkononi kunamtaka aache sehemu kwa mwenye kibanda, zaidi ya gharama rasmi, kwa sababu noti ni adimu. Noti zilizochakaa zikazunguka mkono kwa mkono, wengine wakizikataa. Bei ya kitu kimoja ikawa mbili: ya pesa mkononi na ya pesa ndani ya simu. Muuzaji asiyesema mapema ni ipi anayoitaka, anaanza ugomvi.

Hapo ndipo wezi waliona nafasi. Mbinu yao ya kwanza ni ya zamani: ujumbe mfupi unaofanana na ule wa kampuni ya simu, wenye kiasi, saa, na namba ndefu ya muamala. Mnunuzi anauonyesha, ao unaingia moja kwa moja katika simu ya muuzaji, motari anapakia mzigo, anaondoka. Jioni muuzaji anaangalia salio lake, hakuna kilichoongezeka. Kosa liko katika kusoma ujumbe badala ya kusoma salio. Ujumbe ni maneno ya mtu anayesema amelipa. Salio ndilo lenye pesa. Wauzaji wa Birere waliochomwa mara moja wanafungua salio mbele ya mteja, hata kama mteja ananuna. Wengine wanaona haya kufanya hivyo mbele ya mtu wanayemjua, na wezi wanaijua haya hiyo vizuri kabisa.

Sheria iko, iko wapi?

Niliporudi kwenye kisa cha mama mdogo, nilitaka kujua sheria ingesema nini. Jibu lilinishangaza, maana nilidhani bila karatasi hakuna kesi.

Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012. Sheria ya pamoja ya biashara ya OHADA, iliyorekebishwa Lomé Desemba 2010, inasema wazi katika kifungu cha 240 kwamba mauzo ya biashara yanaweza kufanyika kwa maandishi ao kwa mdomo, na pasipo maandishi yanaweza kuthibitishwa kwa njia yoyote. Kifungu cha 5 kinaongeza kwamba kati ya wafanya biashara ushahidi unaweza kutolewa kwa njia yoyote, hata ya elektroniki. Sheria yetu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi, mradi mwandishi wake aweze kutambulika na maandishi yawe yametunzwa bila kubadilishwa. Kwa hiyo sauti ya WhatsApp iliyotoka Goma kwenda Minova ni agizo halali la biashara.

Halali, ndiyo. Lakini tazama kinachofuata. WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe wake kwa wote, na tangu 2023 kuhariri maandishi ndani ya dakika 15. Simu za soko zinaibiwa, zinaanguka majini, zinajaa na mwenye simu anafuta sauti za zamani ili apate nafasi. Asiyeandika pembeni hana kitu. Mahakama za biashara zilikuwa mbali na mama wa soko hata kabla ya vita, kwa gharama na kwa lugha, na tangu Januari 2025 kazi ya haki katika miji yetu imevurugika.

Lugha ndiyo inaniumiza zaidi. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. OHADA inafanya kazi kwa Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno. Matangazo ya zabuni yanayobandikwa kwenye uzio wa mashirika hapa Goma, yale yanayoweza kununua tani za maharagi kwa mara moja, yameandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, na yanaomba namba ya RCCM, namba ya kodi, barua yenye muhuri wa kupokelewa. Anayelima na anayesafirisha maharagi hawezi kuyasoma. Anayeyasoma ni komisioneri mwenye kompyuta, ambaye ananunua kwa mama mdogo kwa Kiswahili na kuuza kwa shirika kwa Kifaransa. Simlaumu; anafanya kazi ya kutafsiri, na kazi ina bei. Ila tusiseme kwamba tofauti ya bei kati ya Kituku na ghala la shirika inatokana na usafiri tu. Sehemu yake ni malipo ya lugha. Radio zetu za mtaa zinasoma komunike za vifo na vitu vilivyopotea kwa Kiswahili kila siku. Sijasikia ikisomwa zabuni ya maharagi.

Kisa cha magunia sita hakikufika mahakamani. Kilipelekwa kwa mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, aliyewahi kutumia fonie wakati wake. Alisikiliza sauti mara tatu, akawauliza swali moja: nani alirudia maneno ya mwenzake? Hakuna. Akaamua nauli ya boti ibaki kwa mama mdogo, na yule wa Minova ashushe bei ya magunia. Wote wawili walitoka wamekasirika kidogo, jambo ambalo mzee aliliona kuwa dalili nzuri.

Tangu siku ile mama mdogo anatuma sauti kama kawaida, kisha binti yake mwenye miaka kumi na minne anaandika chini yake: 6, mekundu, dola, pesa ndani ya simu. Neno "usitume" ameliacha kabisa, anasema "acha". Na mwezi uliopita yule wa Minova, badala ya kidole gumba, alirudisha sauti fupi. Injini ilikuwa inanguruma nyuma yake. Alikuwa anauliza: mama, umesema sita ao saba?